Mshale wa Nne

Niliitamani saa ile kabla sijajua bei yake. Nilipoijua bei niliendelea kuitamani, na jambo hilo mpaka leo linanitatiza kidogo.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, Tokyo. Nilikuwa huko kwa mafunzo ya miezi tisa, na Jumamosi jioni nilikuwa na tabia ya kushuka treni Ginza, natokea pale njia panda penye jengo la Wako, lile lenye mnara wa saa tangu 1932, halafu natembea tu. Kutazama madirisha ya maduka ni bure, hata Ginza. Kwenye dirisha moja, juu ya kitambaa cheusi, ilikuwepo saa ya mkono ya chuma, ya kimakanika, ya aina wanayoita GMT.

Saa ya aina hii ina mishale minne. Mitatu unaijua: wa saa, wa dakika, wa sekunde. Wa nne ni mwembamba, aghalabu wenye rangi yake, na unazunguka mara moja tu kwa siku nzima. Unausoma kwenye duara lenye namba 24. Ukishuka kwenye ndege nchi ya watu, unausogeza mshale wa saa uendane na wenyeji, nao unaruka saa moja moja huku sekunde zikiendelea na safari yao bila kusimama. Ule wa nne huugusi. Unabaki na saa ya ulikotoka. Kwa hiyo kiganja kimoja kinabeba nyakati mbili, ya hapa ulipo na ya kule kwenu.

Nikajiambia, basi hiki ndicho ninachokihitaji. Nitakuwa najua kwa Mama ni saa ngapi.

Mama yuko Tanga. Na swali ninalotaka tulitafakari pamoja, msomaji wangu, limetoka kwenye kisingizio hicho nilichojipa mbele ya kioo: je, kuijua saa ya mtu ni sehemu ya kumjali, au ni namna tu ya kustarehe ukiwa mbali naye?

Tuanze na bei, maana mtu akiongea habari za saa hizi bila kutaja bei anakuficha kitu. GMT-Master II ya Rolex, ya chuma tupu bila hata chembe ya dhahabu, inapita dola 10,000 dukani. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 20. Za Grand Seiko, ambao pale Ginza ndio wenyeji, unaweza kuzipata kwa pungufu ya hapo, lakini bado ni mishahara mingi ya mwalimu. Nilikuwa nimeshaanza kuweka akiba kutoka kwenye posho, nikijipangia kwenda Nakano, kwenye maduka ya saa zilizotumika.

Sasa, simu yangu ilikuwa inanionyesha saa ya Tokyo na ya Dar es Salaam kwa pamoja, bure, tena kwa usahihi zaidi. Rolex wanaahidi kwamba saa zao hazitapotea zaidi ya sekunde 2 kwa siku, na kwa saa ya kimakanika hayo ni maajabu. Saa ya betri ya kawaida hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Kwa maneno mengine, ile ya bei poa inaishinda ile ya mamilioni katika kazi yenyewe ya kuonyesha wakati. Hivyo basi, anayenunua saa ya GMT ya kimakanika hanunui jibu la "saa ngapi?" Jibu hilo lilishakuwa rahisi tangu Seiko walipotoa saa yao ya kwanza ya betri ya namna hii, tarehe 25 Desemba 1969.

Ananunua nini, sasa? Nisiwe mnafiki: ananunua kitu kizuri kweli. Ndani mle kuna gurudumu dogo linaloyumba na kurudi, linagonga mara 8 kila sekunde, mara 28,800 kwa saa. Nguvu yote inatoka kwenye springi iliyokunjwa, na springi hiyo inajazwa na mkono wako mwenyewe unapotembea. Ukiivua ukaisahau mezani siku kadhaa, inasimama. Inaishi kwa mwendo wako. Kuna watu wamekaa miaka wakijifunza kuunganisha vipande vile, na kazi ya mikono ya namna hiyo mimi siidharau. Babu yangu alikuwa seremala, najua maana ya kiungo kilichokaa sawasawa.

Lakini wauzaji hawaishii kwenye ufundi. Wanakuuzia na habari kwamba hutakuwa umeondoka kabisa. Kwamba nusu yako imebaki nyumbani, na ushahidi ni huo mshale.

Historia ya jambo hili inasema vingine, na ndiyo iliyoanza kunitia shaka. Mtu wa kwanza kutengeneza saa iliyoweza kubeba wakati wa nyumbani baharini bila kuuharibu alikuwa seremala wa Kiingereza, John Harrison. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua meli iko wapi kwa upande wa mashariki na magharibi. Harrison aliifanyia kazi hiyo karibu maisha yake yote. Saa yake ya nne, pana kama kisahani cha kikombe, ilisafirishwa kwenda Jamaika mwishoni mwa 1761, na ilipofika ikahesabiwa kuwa imepotea sekunde 5 tu. Hesabu yenyewe si ngumu: dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Ukiijua saa ya bandari uliyotoka, ukalitazama jua la hapo ulipo, tofauti ya hizo mbili inakwambia umeenda umbali gani.

Umeona? Baharia alibeba saa ya nyumbani ili ajue yeye yuko wapi. Waliobaki nyumbani wana hali gani, hilo halikuwa kwenye hesabu.

Hata hiyo GMT-Master ilipoanza, mwaka 1955, ikihusishwa na marubani wa shirika la ndege la Pan Am, mshale wa nne ulikuwa wa saa ya Greenwich, ile waliyokubaliana mataifa kule Washington mwaka 1884 kwamba ndipo pa kuanzia kuhesabu. Marubani waliihitaji kwa kazi. Mke wa rubani anaishi New York, mtoto wake yuko shule New York, lakini mshale unasema Greenwich. Ni saa ya kazini. Wazo la kwamba ni saa ya nyumbani, saa ya mama na watoto, lilistawi baadaye, pale wasafiri wa kawaida walipokuwa wengi na wenye pesa.

Sasa nikwambie kilichonitokea Tokyo na saa yangu mwenyewe. Ilikuwa ya mishale, ya betri, niliinunua Barabara ya 12, Ngamiani, kwa shilingi 15,000.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tumezoea jambo ambalo wageni hushindwa kulielewa: tunaangalia namba moja na kutamka nyingine. Mshale uko kwenye 7, mdomo unasema saa moja. Uko kwenye 2, tunasema saa nane. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kuangalia upande wa pili wa uso wa saa. Siku yetu inaanza na jua, na kwa kuwa jua la kwetu halina vituko, linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hesabu inakaa. Uso wa saa ulitengenezwa na watu wengine kwa hesabu yao, sisi tukaununua na kuusoma kwa yetu.

Siku ya tatu Tokyo nilikuwa kwenye treni, saa nane mchana ya huko. Saa yangu, niliyoirekebisha uwanja wa ndege, ilionyesha 2. Nikawaza, Tanga sasa ni saa ngapi? Nikatoa sita: saa mbili asubuhi. Nikaangalia tena mshale. Uko kwenye 2. Nikadhani nimekosea. Nikasubiri hadi jioni, mshale uko kwenye 7, Tokyo saa moja usiku. Tanga? Saa saba mchana. Saba!

Tokyo na Tanga zimepishana saa sita kamili, na Japani hawana mambo ya kusogeza saa majira ya joto. Sita hizo ndizo zilezile sita ambazo Kiswahili huzipishanisha na uso wa saa. Kwa hiyo Mswahili akiwa Tokyo, akitazama saa yoyote iliyorekebishwa kwa wenyeji, akaisoma kama ilivyoandikwa, anasoma saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Siku zote, mchana na usiku. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mshale ulikuwa kwenye namba ileile ninayoitamka. Nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja akanitazama. Mnara wa saa wa Wako, tangazo la kituo, saa ya ukutani darasani, vyote vilikuwa vinaniambia saa ya Mama. Mji mzima ulikuwa mshale wangu wa nne, na sikulipa hata yeni moja.

Wasomaji wa riwaya watamkumbuka Passepartout, mtumishi wa Phileas Fogg katika ile safari ya Jules Verne ya siku 80 kuizunguka dunia. Ana saa aliyorithi kwa wazee wake, na anakataa katakata kuirekebisha. Wanapita Suez, wanapita India, saa inabaki London. Kwake, jua ndilo linalokosea. Kisha meli inapofika karibu na upande wa pili wa dunia, saa yake inakubaliana na saa za meli, naye anashangilia kwamba alikuwa sahihi muda wote. Verne anatuonyesha kinachomdanganya: uso wa saa 12 hauwezi kumwambia kwamba kwao ni usiku na hapa ni mchana. Angekuwa na uso wa saa 24 asingeshangilia.

Nilipoisoma tena sehemu hiyo nilijiona. Mimi nilikuwa na hakika kama yake, ila kosa letu halikuwa moja. Yeye hakujua kama ni usiku au mchana. Mimi nilijua kila kitu.

Kabla sijaondoka Tanga nilikuwa nimemchorea mdogo wangu wa kike, anayeishi na Mama, karatasi ya masaa. Safu ya kushoto Tanga, safu ya kulia Tokyo. Nikaipaka rangi. Muda ambao nitakuwa nimelala nikaupaka bluu, kuanzia saa kumi jioni ya Tanga mpaka saa sita usiku. Muda ambao nitakuwa darasani nikaupaka nyekundu, kuanzia saa tisa usiku mpaka saa tano asubuhi. Chini nikaandika: "Piga kwenye nyeupe." Tukaibandika kwenye mlango wa friji. Niliiona kazi hiyo nzuri sana. Miezi kadhaa baadaye, pale dirishani Ginza, kumbe duara la saa zile za Rolex za mwanzo nalo lilikuwa nyekundu na bluu, nyekundu ya mchana na bluu ya usiku. Nikafurahi zaidi. Nikaona nimewaza kama Waswisi.

Angalia karatasi ile, lakini, kwa jicho la Mama. Mama ana genge la mboga. Asubuhi yuko sokoni, mchana wote yuko gengeni na wateja, hana nafasi ya kushika simu. Muda wake wa maongezi ni baada ya Isha, amekula, amekaa kibarazani au amejilaza, taarifa ya habari imekwisha. Saa tatu usiku. Muda huo wote ulikuwa bluu. Kilichobaki cheupe ni mchana wa jua kali, anapima nyanya, na usiku wa manane, amelala.

Kwa hiyo tuliongea kidogo kidogo. "Mwanangu, hujambo? Ngoja nimhudumie mteja." Mara nyingine wiki inapita. Nikiulizwa, jibu lilikuwa tayari: "Si mnajua, tofauti ya masaa." Na lilikuwa jibu la kweli. Hilo ndilo baya lake.

Wiki mbili baada ya jioni ile ya Ginza, simu ilitetemeka usiku. Niliangalia saa yangu mezani kabla ya kuangalia simu. Mshale uko kwenye 3. Nikajua palepale, bila kuhesabu: Tanga saa tatu usiku. Nikaona jina la mdogo wangu. Nikawaza, wanataka kusalimia, na wanajua kabisa kwamba sasa nimelala, karatasi wanayo. Nikaizima sauti, nikageukia ukutani.

Asubuhi nilikuta miskoli tisa.

Mama alikuwa amemaliza kuswali Isha, anakunja msala, akaanguka. Mkono wa kulia haukuitika, maneno hayakutoka. Kiharusi. Mdogo wangu alihitaji pesa ya gari na ya kuanzia hospitali, na aliyekuwa na uwezo wa kuituma kwa simu ni mimi. Majirani walichangishana. Wakapata gari. Mama yuko hai, namshukuru Mungu, na anatembea kwa mkongojo. Ulimi ndio uliobaki mzito.

Niliporudi mdogo wangu hakunilaumu mbele za watu. Siku moja tu, tukiwa jikoni, alinieleza jambo ambalo sikulijua. Alisema, "Kaka, mimi nilishika simu nikupigie tangu saa mbili na nusu. Nikatazama friji. Nikaona bluu. Nikaiweka simu chini, nikaenda kwanza kwa jirani."

Nusu saa. Madaktari wanaotibu kiharusi wanahesabu dakika. Kuna kile cha damu kuganda ambacho dawa ya kuyeyusha inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kianze, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Siwezi kusema nusu saa ile ilichukua neno gani kwenye ulimi wa mama yangu, wala kama ningepokea simu mapema kingebadilika nini. Ninachojua ni kwamba mtoto wa kike alisimama mbele ya friji, mama yake yuko sakafuni, anasoma ratiba ya usingizi wangu.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa falsafa, aliniambia nisijitese. Mtu analala, alisema, na kulala si dhambi. Hakuna wajibu wa kuwa macho dunia nzima. Namkubalia. Ukisema kila anayesafiri lazima apatikane saa 24 umeweka sheria ambayo hakuna binadamu atakayeitimiza, na sheria isiyotimizika haimfundishi mtu kitu zaidi ya kujilaumu.

Wapo watakaomkumbuka Peter Singer. Mwaka 1972 aliandika makala iliyosomwa sana, akiwazia wakimbizi wa Bengali Mashariki, na hoja yake ni kwamba umbali haupunguzi wajibu. Kama ungemwokoa mtoto anayezama kwenye kidimbwi mbele yako hata kama nguo zako zitachafuka, huna sababu ya kumwacha aliye mbali afe kwa kuwa tu humwoni. Hoja hiyo inaihukumu saa ya dola 10,000 kabla hata hujamaliza kuivaa. Ina nguvu, na sijapata jibu lake la kuniridhisha. Lakini haigusi pale panaponiuma. Mimi sikusema Mama yuko mbali kwa hiyo hanihusu. Nilisema ananihusu sana, ndiyo maana nimechora karatasi, ndiyo maana natamani mshale wa nne. Uangalifu wangu ulikuwa wa hali ya juu. Ulikuwa umeelekea kwangu tu.

Nimeitazama karatasi ile mara nyingi tangu hapo. Mdogo wangu hajaibandua, na mimi sijamwomba aibandue. Safu ya Tokyo ina rangi. Safu ya Tanga haina. Hakuna palipoandikwa: hapa Mama amechoka, hapa Mama anapenda kuongea, hapa mdogo wako yuko peke yake naye na anaogopa. Nilichora saa zao kwa kipimo cha usingizi wangu, nikaiita kazi hiyo upendo. Kama baharia wa Harrison, nilibeba saa ya nyumbani nikajua vizuri kabisa mimi niko wapi.

Nadhani hapo ndipo penye hatari ya vitu hivi, vya bei kubwa na vya bure sawasawa. Kujua kunafanana sana na kujali. Ukitazama mshale na kusema moyoni "sasa Mama anaswali", kifua kinapata joto fulani, na joto hilo linatosha kukufanya usipige simu. Umeshamtembelea. Deni limelipwa na macho. Nikiwa sijui saa ya kwetu, pengine ningekuwa na wasiwasi, na wasiwasi ungeninyanyua kitandani.

Nilikuwa nimeridhika na hitimisho hilo mpaka nilipokaa na mzee mmoja mtaani kwetu, fundi mitambo wa meli mstaafu. Mkononi ana saa ya zamani ya Kijapani, kioo kimechubuka, na ina mishale minne. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni bila kuielewa. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza mawazo yangu, kwamba mshale ule ni wa kumliwaza mwenye kuuvaa.

Akaniangalia. "Kukuliwaza wewe. Mimi ulinisumbua."

Akanieleza kwamba kwenye meli saa husogezwa usiku, moja mbele au moja nyuma, kadri mnavyokwenda, mpaka mtu anasahau ametoka wapi. Mshale wa nne hakuugusa miaka yote. "Unakula, unacheka na wenzio, jicho linakwenda pale. Kwako saa kumi usiku, mkeo ameamka peke yake na mtoto ana homa, labda. Hujui. Simu hakuna, barua mwezi. Chakula kinakuwa hakina ladha. Saa hii haijawahi kunifanyia wema wowote, kijana. Ila ilininyima neno moja: sikujua. Nilipofika bandarini nilikuwa wa kwanza kwenda posta."

Nikamuuliza kama angekuwa na pesa angenunua ile ya Ginza. Akacheka. "Saa ya milioni 20 utaiangalia yenyewe. Saa ngapi utasahau kuangalia."

Maneno ya mzee yalinirudisha nyuma hatua moja. Kumbe kifaa ni kilekile, elimu ni ileile, kimoja kinamwamsha mtu na kingine kinamlaza. Sitaki tena kusema kwamba saa ya anasa inamfanya mtu awe mbaya, au kwamba ya bei poa inamfanya mwema. Yangu ya shilingi 15,000 ndiyo iliyoniambia ni saa tatu usiku, nami nikageukia ukutani. Bei inaongeza kishawishi, kwa sababu kitu cha gharama kubwa kinadai kustahili, na mtu aliyelipa sana kwa ajili ya "saa ya Mama" atahisi ameshamfanyia Mama jambo kubwa. Lakini swali la kumuuliza kila mwenye mshale wa nne, na mwenye simu pia, ni moja: ukiutazama, unafanya nini baada ya hapo?

Akiba yangu ya Nakano ilikwenda hospitali na kwenye mazoezi ya viungo. Usione najisifu, hapakuwa na pengine pa kuitoa. Na nikiri, saa ile bado naitamani. Nikipita kwenye picha zake mtandaoni nasimama.

Juzi nilikaa na Mama kibarazani. Aliniuliza, kwa ulimi ule mzito, saa ngapi. Nikatazama mkono, mshale uko kwenye 9, nikamwambia saa tatu. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akauliza, "Huko au hapa?" Nilidhani hakumbuki mambo ya karatasi. Anakumbuka.

Mwezi ujao nasafiri tena, wiki tatu, Toronto. Huko tofauti itakuwa saa saba, Kiswahili hakitanisaidia, nitahesabu kama watu wengine. Tumechora karatasi mpya, safari hii mdogo wangu ndiye aliyeshika kalamu. Ameanza na safu ya Tanga. Ijumaa saa tatu usiku amepaka kijani, akaandika "Mama". Kwangu itakuwa mchana, niko kwenye kikao. Nimeshawaambia wenye kikao kwamba nitatoka. Na chini kabisa, pale nilipokuwa nimeandika maagizo yangu, ameandika yake: akipiga nje ya ratiba, nipokee. Nimeahidi. Nitaiacha simu na sauti yake, na nitaona mimi ni mtu wa namna gani itakapolia usiku na isiwe jambo lolote, ni salamu tu.